Majani ya Makaburini: Miaka Yangu ya Kufasiri Sheria ya Jinai ya Kilatvia

Vijana wa ofisini mliniomba niandike vidokezo kabla sijasahau. Vidokezo sina. Ninayo mambo yaliyonitokea, na baadhi yake yalitokea kwa uzembe wangu mwenyewe, na hayo nadhani ndiyo yatakayowafaa zaidi. Kupandishwa cheo na mshahara sitavigusa. La kwanza halikutokea, na la pili mnalijua.

Kila anayenijua huanza kwa swali moja: Mzanzibari na Kilatvia, wapi na wapi? Baada ya mapinduzi serikali yetu ilikuwa ikipeleka vijana kusoma nchi za kisoshalisti. Wenzangu wengi walipelekwa Moscow, wengine Ujerumani ya Mashariki. Jina langu, Zuhura, likaandikwa Riga, kusomea sheria. Sikujua Riga iko wapi, na karani aliyenipa barua hakujua pia, lakini alinipa mkono wa hongera.

Masomo yalikuwa kwa Kirusi, maana Latvia, ambayo Riga ndio mji wake mkuu, ilikuwa chini ya Warusi. Ningerudi na Kirusi peke yake kama si Ilze, msichana niliyewekwa naye chumba kimoja bwenini. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni akanieleza kwa vidole na kwa Kirusi cha polepole: "Nje ya mlango huu tunasema Kirusi kama watu wote. Humu ndani ni Kilatvia, au kimya."

Nilijaribu kimya kwa siku tatu. Mimi ni mtu wa Ng'ambo ya mjini Unguja, nimezaliwa kwenye nyumba ambayo hata kuku walikuwa hawanyamazi. Siku ya nne nikamwuliza chumvi inaitwaje. Tulikaa pamoja miaka mitano, na nilipoondoka nilikuwa nikigombana kwa Kilatvia, jambo ambalo kwangu ndilo mtihani halisi wa lugha.

Nilirudi Unguja, nikaolewa na Suleiman, na yeye alipopata njia ya kuja London nikamfuata. Tulipanga flati Kilburn juu ya duka la viatu. Suleiman akaendesha basi, mimi nikaingia jikoni kwenye skuli ya watoto wadogo, na huko nilikaa miaka mingi nikipakua viazi. Shahada ya sheria ya Riga ilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda. Hakuna aliyeniuliza habari zake, nami sikumwambia mtu.

Kisha Latvia ikawa nchi yenyewe tena, na miaka kadhaa baadaye Walatvia wakaruhusiwa kuja huku kufanya kazi. Wakaja kwa wingi: mashambani, mahotelini, kwenye ujenzi. Na kama ilivyo kwa watu wowote wanaokuja kwa wingi, wachache wao wakaingia matatani. Binti yangu ndiye aliyeona tangazo la kutafuta wakalimani. Huyo husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Alinibandikia tangazo kwenye friji.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kituo cha polisi, asubuhi ya Jumapili. Nilivaa koti langu jeusi na mtandio wa kijani. Askari wa mapokezi alikuwa mtu mpole sana.

"Samahani mama," alisema, "leo watu wa ndani hawaruhusiwi wageni. Tunamngoja mkalimani wa Kilatvia."

"Ndiye mimi."

Alitazama nyuma yangu, labda Mlatvia amejificha. Kisha akanifungulia mlango.

Ndani alikuwepo mwanaume wa makamo aliyevunja dirisha la baa. Nikamwamkia kwa Kilatvia, nikamweleza mimi ni nani na kwamba nitafasiri kila litakalosemwa. Akanitazama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," akasema, "nilidhani pombe imeshatoka."

Nami nimetoka kuahidi kwamba nitafasiri kila kitu. Basi nikamgeukia askari nikamfasiria na hilo.

Kusema mbele ya polisi nilikuwa nakuweza. Kuandika ndiko kulikonishinda mwanzoni. Hukumu na hati za kukamatwa zilikuwa zikija kutoka Latvia kwa mafungu, na kampuni iliyoniajiri ikitaka Kiingereza chake ndani ya siku mbili tatu. Kila tafsiri ilibidi isomwe na mtu wa pili, nami nikapangiwa Velta.

Velta alikuwa mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mgongo umenyooka kama rula, anaishi peke yake Ealing, magharibi ya London. Alitoka Latvia wakati wa vita kuu vya pili akiwa na miaka kumi na tano, na mama yake na sanduku moja, na hakuwahi kurudi. Kilatvia chake kilikuwa cha kabla ya vita, safi, chenye maneno ambayo hata Ilze angeyasikia kwa bibi yake tu. Changu kilikuwa cha bwenini, kimejaa vumbi la Kirusi. Ukurasa wa kwanza niliompelekea ulirudi mwekundu kama umechinjiwa kuku juu yake.

"Nani alikufundisha lugha yangu?" aliniuliza siku ya kwanza, hata sijavua koti.

"Msichana wa Riga."

"Unaongea kama barabara za Riga zilipokuwa zimejaa Warusi."

"Ndipo nilipokuwa, Bi Velta. Ndani ya Riga hiyohiyo. Wewe ulikuwa Ealing."

Nilidhani atanifukuza. Akaweka birika motoni. Baadaye, tukiwa tumeshazoeana, aliniuliza kama na sisi kwetu tulikimbia. Nikamwambia hatukukimbia, mapinduzi yalipotokea nilikuwa na miaka tisa, baba yangu alikuwa karani wa mahakama, na asubuhi moja aliambiwa asirudi kazini. Alikaa nyumbani miaka miwili akichonga penseli. Velta aliniongezea chai, na tangu siku hiyo akawa ananisahihisha kwa kalamu ya kawaida, si nyekundu.

Kadi zake ndizo zilizonifundisha kazi hii. Alizitia kwenye makopo ya biskuti, kadi moja kwa kila neno la sheria. Juu anaandika neno la Kilatvia. Chini yake anaeleza kwa sentensi nzima jambo lenyewe ni nini: nani kafanya, kamfanyia nani, adhabu yake inatekelezwa vipi. Chini kabisa ndipo anapoandika Kiingereza. Mimi nilikuwa naruka katikati, nakimbilia chini. Nanyi mnakimbilia chini, nimewaona.

Mfano mwepesi ni lile kosa la Walatvia la kufanya fujo hadharani, ambalo wanaliita huligānisms. Kiswahili tunalo neno uhuni, na lingetosha kabisa. Waingereza ndio wenye asili ya neno lile, wameliuza dunia nzima, lakini kwenye sheria yao hakuna kosa la jina hilo. Au chukueni majeraha ya mwili. Walatvia wanayagawa mafungu matatu, mepesi, ya kati na mazito. Waingereza nao wana mafungu yao, na mfasiri mvivu hulinganisha la juu na la juu, la chini na la chini, kama anapanga soksi. Mpaka wa fungu moja haupo ulipo wa jingine. Mtu anaweza kufungwa miaka kwa soksi hizo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kulikuwa na kijana nitamwita Andris, fundi wa kupiga plasta, akikaa Kilburn mitaa mitatu kutoka kwetu, ana mke na mtoto wa kike wa miaka minne. Alipokuwa na miaka kumi na tisa huko kwao aliiba baiskeli na msumeno wa mashine kwenye banda la jirani. Mahakama ikampa adhabu iitwayo piespiedu darbs. Alifanya sehemu ya saa alizopangiwa, nyingine hakumaliza, akaja London kutafuta kazi. Huko nyuma saa zilizobaki zikageuzwa kifungo. Miaka saba baadaye polisi walibisha mlango wake na hati ya Latvia inayotaka arudishwe.

Karatasi zililetwa kwangu. Velta alikuwa na homa ya mafua wiki ile, nami nilikuwa nimeshafasiri hukumu kiasi cha kujaza kabati. Nikaona hii naimudu. Kampuni iliniuliza kama imesomwa na mtu wa pili, nikajibu iko tayari. Sikusema uongo. Sikusema kweli pia.

Maneno yale mawili, ukiyachukua moja moja, yana maana ya kazi ya kulazimishwa. Nami nikayachukua moja moja. Kiingereza nilichoandika ni kile ambacho sisi watu wa pwani tungekiita shokoa: kazi ya mabavu, ya viboko na minyororo.

Wakalimani wa Kilatvia hatukuwa wengi, kwa hiyo siku ya kesi niliitwa mimi huyohuyo nikae pembeni ya Andris na kumnong'oneza yanayosemwa. Wakili wake, dada kijana mwenye sauti nzuri, akasimama. Akasema mteja wake anatakiwa arudishwe kwenye nchi ambayo hadi leo inawahukumu raia wake shokoa. Akataja mikataba ya haki za binadamu. Akataja viboko na minyororo, akasema ni aibu kwa Ulaya. Nyuma yake mke wa Andris alikuwa analia kimya, na hakimu alikuwa anaandika haraka sana.

Nilikuwa namnong'oneza Andris kwa Kilatvia, na kwa Kilatvia neno ni lilelile alilolizoea. Akanikunjia uso.

"Wanazungumza nini hawa?" akaninong'oneza. "Kazi gani ya minyororo? Mimi nilikuwa nafagia majani makaburini. Jumamosi. Na bibi mmoja alikuwa anatuletea keki."

Nilijua mara moja. Ile ilikuwa adhabu ya kazi za jamii, ileile wanayopewa vijana wa hapa London, wanaovaa vikoti vya rangi ya machungwa na kuokota takataka pembeni mwa mfereji. Hoja nzima ya yule dada, ile inayoweza kumbakisha Andris na mtoto wake, ilikuwa imesimama juu ya kosa langu.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, vijana: nililiwaza hilo. Mke wa yule kijana tulikuwa tukikutana kwenye duka moja la mboga. Na kama ningesema, kampuni ingejua kwamba karatasi haikusomwa, na jina langu lingeweza kufutwa. Nadhani niliwaza kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili. Kisha nikasimama. Mahakamani mkalimani akitaka kusema lake hujitaja kana kwamba ni mtu mwingine, na siku hiyo nilishukuru utaratibu huo.

"Mheshimiwa," nikasema, "mkalimani anaomba ruhusa. Tafsiri ya hukumu hii aliifanya yeye, na neno ambalo wakili amelijengea hoja limefasiriwa vibaya."

Nikaeleza. Wakili wa upande wa Latvia akaegemea kiti chake, kapoa kabisa. Yule dada akakaa taratibu. Hakimu alivua miwani.

"Bi mkalimani," akasema, "nakupa wiki moja. Nataka hukumu nzima ifasiriwe upya, kila neno, na safari hii nitapenda kujua nani mwingine ameisoma."

Nikamfasiria Andris. Hakunitazama tena siku hiyo.

Kesho yake nilikwenda Ealing. Velta bado alikuwa na kikohozi, shali mabegani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea ukali. Akavuta kiti cha pili, akaweka hukumu mezani katikati yetu, akasema: "Soma. Kwa sauti. Usiruke."

Tulisoma asubuhi nzima. Lile neno la aibu tulilirekebisha upesi. Tukaendelea, na kwenye ukurasa wa mwisho, ulioambatishwa baadaye, pale mahakama inapoeleza kwa nini saa ziligeuzwa kifungo, Velta akaweka kidole.

"Hapa panasema izvairījās. Umeandika nini?"

"Alitoroka."

"Alitoroka kwenda wapi?"

Nikatazama karatasi.

"Nakuuliza wewe, Zuhura. Kwenda wapi? Karatasi inasema hakutokea kazini. Haisemi alikwenda popote."

Alisema kweli. Neno lile ni kukwepa. Mtu anaweza kukwepa kazi na huku amelala kitandani kwake. Na katika kesi za namna hii, kama mnavyojua, tofauti hiyo ni kubwa. Aliyetoroka sheria hawezi kulalamika kwamba miaka imepita na maisha yake yamebadilika. Ambaye hakutoroka anaweza.

Niliweka kalamu chini. "Bi Velta, nikirudi na kosa la pili watasema sijui kazi. Na hili linamsaidia. Watasema nimeona haya, namlipa fidia."

"Watasema hivyo, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa umeshaliona," akasema, akakohoa. "Au unataka nikufundishe kutoliona? Hilo sina kadi yake."

Wiki ilipofika nilitoa tafsiri mpya, majina mawili chini yake. Wakili wa upande wa Latvia aliomba aniulize maswali. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu ya kukata kama wembe.

"Bi, wiki iliyopita neno moja lilikuwa kosa. Leo la pili. Je, tungoje la tatu?"

"Kurasa zimesomwa zote sasa. La tatu halipo."

"Na hili la pili linampendelea mshtakiwa. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi huenda ulimwonea huruma?"

"Bwana wakili," nikamjibu, "wiki iliyopita nilimwondolea hoja yake kubwa mbele ya mke wake. Kama hiyo ni huruma yangu, sidhani aliipenda."

Hakimu aliinamia karatasi zake, lakini niliona mashavu yake yakicheza.

Baada ya hapo kesi ikageukia mambo ambayo hakuna aliyeyauliza mwanzo. Barua za kumwita Andris zilitumwa wapi? Zilitumwa nyumba ya bibi yake. Bibi alikuwa ameshafariki na nyumba imeuzwa. Kijana aliondoka kwao kwa pasipoti yake mwenyewe, akijua zimebaki saa kadhaa za kufagia, hajui kwamba zimegeuka jela. Alikuwa mzembe, alisema hakimu, lakini mzembe si mtoro. Akasema kwa baiskeli na msumeno, baada ya miaka yote hii, na mtoto mdogo nyumbani, hatamrudisha.

Mke wake alipiga ukelele. Andris alikaa pale pale, mikono magotini. Kwenye korido alinijia, nikadhani anakuja kunishukuru.

"Ungenyamaza wiki ile," akasema, "ningelala usingizi siku saba hizi."

Akaondoka na mke wake. Niliendelea kuwaona kwenye duka la mboga. Mke alikuwa akiniamkia, yeye alikuwa akisoma bei za vitunguu kwa makini sana. Sikumlaumu. Mkitaka kushukuriwa, nendeni mkapakue viazi. Watoto wa skuli walikuwa wananishukuru kila siku.

Kampuni iliniandikia barua ya onyo, na kwa mwaka mmoja kazi zangu zilipungua. Suleiman aliisoma barua ile mezani, akaikunja vizuri. "Basi langu likigonga nguzo," alisema, "naandika ripoti, kesho naendesha. Wewe umeshaandika ripoti. Lala." Tangu hapo sikutoa ukurasa ambao haukusomwa na macho mengine mawili, hata ilipokuwa hati ya mstari mmoja. Nimefanya hivyo miaka kumi na tano, na nasema bila kujidai kwamba hakuna mahakama iliyonirudishia tafsiri tena. Nilikuwa mzuri katika kazi hii. Nilijua kwa nini nilikuwa mzuri, na hilo ni nusu ya uzuri wenyewe.

Miaka ya mwisho mambo yalibadilika. Kesi zikaja kwenye skrini, mshtakiwa akiwa gerezani na mimi nikiwa sebuleni Kilburn na kamera inayonionyesha pua tu. Zikaja programu zinazofasiri ukurasa mzima kabla hujakaa. Zitumieni, mimi nilizitumia. Lakini niliipa mojawapo ile hukumu ya Andris kwa udadisi, na mwishoni mwa hukumu iliandika alitoroka, bila wasiwasi wowote. Haina mtu wa kuiuliza kwenda wapi.

Velta aliendelea kunisomea kazi mpaka macho yalipomwishia, akiwa amepita tisini. Mwaka huu, miezi miwili kabla sijastaafu, alilazwa, na hakutoka tena hospitalini akiwa hai. Siku moja kabla ya adhuhuri nilipigiwa simu na muuguzi, Neema, binti wa Mbeya, aliyeona jina langu kwenye faili la Velta.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye unayejua lugha ya huyu bibi? Kiingereza kimemtoka chote tangu jana. Anatuambia kitu na sisi hatumwelewi, na daktari anataka kujua maumivu yako wapi."

Nilikuta mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji juu ya mrija wa dripu, daktari kijana amesimama na kalamu. Velta alinitazama, akasema neno moja. Nikalisubiri liingie akilini. Halikuingia. Akalirudia. Miaka arobaini na tisa na lugha ile, bwenini, polisi, mahakamani, na sijawahi kulisikia.

"Anasemaje?" akauliza daktari.

"Sijui," nikamjibu. "Ngoja nimwulize."

Nikainama. Velta akanieleza taratibu kwa sauti ya karatasi, kama vile tuna asubuhi nzima mbele yetu. Lilikuwa neno la kijijini kwa bibi yake, wala hakushangaa kwamba Riga hawalijui. Ni vile mkono unavyokuwa ukibeba ndoo kutoka kisimani wakati wa barafu: hauumi, lakini si wako tena.

Nikamfasiria daktari hivyohivyo, ndoo, kisima, barafu na yote. Akaacha kuandika. Akaugusa mkono, akabonyeza kucha, akatazama rangi. Akamwita Neema, wakafungua bandeji iliyoubana, wakahamisha mrija upande wa pili. Baada ya muda vidole vya Velta vikaanza kurudi na wekundu.

"Ameelewa?" Velta akaniuliza.

"Ameelewa."

Akatazama vidole vyake kidogo, akafumba macho, akalala.